Jino limezibwa wiki ya tatu sasa, ganzi haiishi: kosa la mzibaji au la jino lenyewe?

#1 Msangamkuu Feri
Wakuu salama. Hoja yangu ni fupi: jino likizibwa sawasawa, ganzi ya maji baridi haivuki wiki mbili. Ikivuka, aliyeziba kakosea mahali. Anayepinga aje na sababu.

Jino la mfano ni la shemeji, yuko Chuno hapa Mtwara mjini. Gego la chini kulia, la sita ukihesabu kutoka katikati. Tundu lilikuwa la wastani, limezibwa kwa dawa nyeupe ile inayopigwa taa ya bluu. Leo siku ya 19. Maji ya mtungini hayana neno, ya friji yanamrusha. Wali anatafuna, korosho hazigusi. Usiku analala vizuri, hajavimba.

#2 Gego la Nne
Napinga, mkuu. Wiki mbili hizo umezitoa wapi? Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu, imefungiwa kwenye chumba kigumu. Nyama nyingine mwilini ikichokozwa inavimba na kupata nafasi. Hii haina pa kuvimbia. Mashine inapochimba inaleta joto, upepo wa kukaushia nao unakivuta kiini, na kabla ya yote hayo bakteria walishakichokoza miezi mingi. Tundu la wastani likitulia ndani ya wiki mbili hadi nne, hilo limekwenda kawaida. Tundu refu linaweza kuchukua zaidi.

Usihesabu kalenda. Uliza mambo mawili. La kwanza, ganzi inapungua wiki hadi wiki, au iko palepale? La pili, baridi ikishaondoka, maumivu yanakata baada ya sekunde ngapi? Yakikata ndani ya sekunde chache, kiini kimekasirika tu na kinaweza kupona. Yakibaki nusu dakika na zaidi, au yanakuja yenyewe bila kuchokozwa, au chai ya moto ndiyo inauma na maji baridi ndiyo yanapoza, basi kiini kinaelekea kufa. Hapo hakuna cha kusubiri, ni kutibu mzizi au kung'oa.

#3 Mzee wa Ndimu
Tangu lini shemeji akaitwa jino la mfano? Endeleeni, nimekaa.

#4 Kitangari
Nyote mmekimbilia kiini. Mtoa mada kaandika "korosho hazigusi" mkapita kama hamjaona.

Kizibo kimezidi kimo. Hiyo ndiyo sababu rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika. Sindano ya ganzi ya taya la chini inakaa saa mbili hadi nne mdomoni. Mgonjwa anaambiwa "uma tuone", anauma huku nusu ya uso haina habari, na taya linaenda upande. Karatasi ya wino inaonyesha alama safi, anaruhusiwa. Ganzi ya sindano ikiisha, kila akifumba mdomo gego hilo linatangulia wenzake. Utando wa nyuzi unaolishikilia jino kwenye mfupa unapondwa kila akimeza mate. Nyuzi zikivimba, jino linauma likiguswa, na baridi nayo inazidi kulichoma.

Dawa yake ni dakika kumi. Arudi bila sindano, aketi wima, asilale kwenye kiti. Jino likaushwe, maana wino haushiki kwenye mate. Agonge meno mara tatu nne juu ya karatasi, kisha abadilishiwe karatasi ya rangi nyingine asage kushoto na kulia. Alama nzito yenye kitobo cheupe katikati ndiyo mwizi. Inasuguliwa kidogo kidogo, inapimwa tena. Kama hilo ndilo lilikuwa tatizo, siku chache tu mtu anaanza kusikia nafuu.

#5 Msangamkuu Feri
Asanteni. Nimempigia. Maji ya friji yanachoma kama sekunde sita hivi, yanakata. Anasema siku ya tano ilikuwa mbaya kuliko leo, ila wiki hii ya mwisho haioni tofauti. Kuhusu korosho, nimemuuliza mara mbili: akiuma haumii. Anaumia akiachia.

#6 Mchinga Mbili
Hapo kwenye "akiachia" Kitangari amekosa goli. Kimo kikizidi, jino linauma linapogongana. Likiuma wakati wa kuachia, tafuta nafasi chini ya kizibo.

Dawa nyeupe ikiganda inasinyaa, kama asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ni kidogo ukiisikia, lakini gego lililochimbwa kama sanduku lina kuta nne na sakafu, zote zimegandishwa kwa gundi, na uso mmoja tu ulio wazi. Dawa ikisinyaa inazivuta kuta zote. Pale gundi ilipo dhaifu, mara nyingi sakafuni, inabanduka na kuacha upenyo mwembamba unaojaa majimaji. Mtu akiuma korosho, kizibo kinabonyea, akiachia kinarudi, na majimaji yanavutwa ndani ya vijitundu vya dentini, lile tabaka la ndani linalozunguka kiini. Kwenye milimita moja ya mraba viko makumi ya maelfu, vyote vinaelekea kwenye kiini. Ni Brännström, yule Mswidi, aliyeonyesha miaka ya 1960 kwamba mwendo wa majimaji humo ndio unaoamsha fahamu. Baridi inafanya kazi hiyohiyo, inayasogeza.

Ndiyo maana dawa hupangwa kwa tabaka lisilozidi milimita 2, kila tabaka linapigwa taa peke yake, sekunde 20 kwa taa nyingi. Zipo dawa zinazoruhusu milimita 4 kwa mkupuo, lakini ni hizo tu zilizotengenezwa hivyo. Mwenye foleni ndefu mlangoni akijaza milimita 5 kwa dawa ya kawaida na kumulika mara moja, juu panakuwa jiwe na chini panabaki uji.

#7 Mzee wa Ndimu
Au taa yenyewe imeisha chaji. Gesi Mnazi Bay tunayo, Songo Songo tunayo, taa ya kugandisha meno inawaka kama kibatari.

#8 Mchinga Mbili
Cheka tu lakini ni kweli. Taa ikishuka chini ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba haiaminiki, na kwa macho huwezi kuijua, maana bluu ni bluu. Ncha yake ikiwa na dawa iliyogandia juu, au ikishikwa mbali na jino, nguvu inapotea vilevile. Kuna kipimo chake kidogo cha kuwekea ncha. Asiye nacho aweke dawa kwenye kipande cha mrija chenye urefu wa milimita 6, amulike juu, kisha akwangue upande wa chini kwa chuma. Sehemu iliyobaki ngumu, gawa kwa mbili. Hicho ndicho kina cha kuamini.

#9 Dada wa Rahaleo
Mchinga, kabla ya kulaumu taa tazama tindikali. Kabla ya gundi jino hupakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37 ili gundi ipate pa kushika. Ikiachwa sekunde 30 jino zima, vijitundu vinafunguka, gundi haifiki mwisho. Ganzi inaanzia hapo.

#10 Mchinga Mbili
Sekunde 30 kwa enameli, lile tabaka gumu la nje, sawa, wala hakuna ubaya. Kwa dentini ni 15, zisizidi. Ndiyo maana anayejua anaanza kupaka kingo za enameli, anahesabu 15, ndipo anashusha sakafuni kwa 15 za mwisho. Usiseme "jino zima" kana kwamba ni kitu kimoja.

#11 Dada wa Rahaleo
Nimekubali, niliandika kwa haraka. Lakini kukausha ndiko kunakoharibu zaidi. Baada ya kuosha tindikali, dentini inatakiwa ibaki na mng'ao wa unyevu, kama sakafu ya saruji iliyofutwa kwa kitambaa kibichi. Ukiipuliza upepo mpaka ikawa nyeupe kama chaki, nyuzi zake zinalala chini kama mpunga uliokanyagwa, gundi inapita juu. Ukiiacha na kidimbwi, gundi inachanganyika na maji. Nafasi ya kosa iko pande zote mbili. Wapo wanaotumia gundi yenye tindikali yake ndani, haihitaji kuoshwa, na wanaisifu kwamba haileti ganzi. Tafiti zilizolinganisha hazikuona tofauti kubwa. Mkono wa mzibaji ndio unaoamua.

#12 Nanguruwe
Mnasahau hali ya hewa. Gundi nyingi zimeyeyushwa kwa asetoni au spiriti. Chupa ikiachwa wazi mezani mwezi wa Desemba hapa kwetu, kiyeyusho kinaruka, inabaki nzito kama asali. Nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi Mtwara kina nyuzi 25 saa ngapi? Alfajiri labda. Na unyevu wa pwani nao hausaidii gundi kushika.

#13 Gego la Nne
Chupa nakubali. Unyevu wa pwani hapana. Mdomoni ni kubichi na kuna nyuzi 35 hata ukiwa Njombe kwenye baridi. Kinachozuia unyevu ni mpira wa kutenga jino, au pamba zinazobadilishwa kila zikilowa. Bahari haina kosa.

#14 Nanguruwe
Bahari imesamehewa. Chupa bado ina kesi.

#15 Bi Karafuu
Mmezungumza sana kifundi na mtu anaumia. Adondoshee mafuta ya karafuu kwenye pamba, abane hapo juu ya jino, dakika kumi ganzi imekwisha. Wazee walijua.

#16 Dada wa Rahaleo
Bi Karafuu, shikamoo, lakini hapo hapana. Karafuu inatuliza jino lenye tundu wazi kwa sababu eujenoli yake inafika karibu na kiini. Hapa tundu limezibwa, haifiki popote, itaishia kuchoma ufizi na ulimi. Tena eujenoli inalainisha uso wa dawa nyeupe.

Hilo linanipa swali kwa mtoa mada: kabla ya dawa nyeupe, shemeji aliwahi kuwekewa dawa ya muda? Ile nyeupe laini yenye harufu ya karafuu?

#17 Msangamkuu Feri
Ndiyo! Alikaa nayo kama wiki mbili ndipo akaitwa kuziba moja kwa moja. Harufu anaikumbuka mpaka leo.

#18 Dada wa Rahaleo
Basi na hilo liingie kwenye orodha. Eujenoli iliyobaki kwenye dentini inazuia gundi kuganda. Ikikwanguliwa yote na sakafu kusafishwa vizuri madhara ni madogo, ila "yote" ndilo neno gumu. Kawaida masalia yanajificha kwenye kona chini ya kingo.

#19 Kitangari
Sasa tuna tabaka nene, taa mbovu, tindikali, ukavu, chupa na karafuu. Na bado hakuna aliyemrudisha akaume karatasi ya wino, dakika kumi tu.

#20 Ndanda Njia Panda
Naongeza moja ambayo haimhusu mzibaji kabisa: ufa. Kuumia wakati wa kuachia ni dalili ya ufa kabla haijawa dalili ya upenyo. Gego lililotobolewa kwa kuoza kuta zake zimebaki nyembamba, na mkoa huu watu wanavunja maganda ya korosho kwa meno, mifupa ya mbuzi kwa meno, vizibo vya soda kwa meno. Ufa unafunguka ukiuma, unajifunga ukiachia, ndipo unaposhtuka.

Namna ya kupima: chukua kijiti cha mbao kilichofungwa pamba ncha, au kipande cha pamba kilichoviringishwa. Usiweke gego zima. Weka kwenye nundu moja, yaani kilele kimoja cha gego, aume kwa nguvu, aachie ghafla. Nenda nundu ya pili, ya tatu, ya nne. Nundu zote zikiuma sawa, mawazo ya Mchinga au Kitangari yana nguvu. Ikiuma moja tu na nyingine kimya, ufa uko chini ya hiyo. Ufa mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei, hasa ukielekea mbele-nyuma. Kumulika jino kwa taa kali kutoka ubavuni kunasaidia: mwanga unakatika penye ufa.

Na ukiwa ni ufa, kubadilisha kizibo hakutoshi. Nundu inapunguzwa kimo na kufunikwa, au jino zima linavishwa kofia.

#21 Mzee wa Ndimu
Vizibo vya soda umenigusa.

#22 Liwale Pori
Wenzangu, kwa nini hamkuziba kwa glasi-ayonoma toka mwanzo? Inashikana na jino yenyewe bila tindikali kali wala taa, inatoa floraidi, haisinyai kwa fujo. Ile njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine ilianza hapahapa Tanzania, sisi tumeikimbilia dawa ya taa. Waholanzi waliileta shuleni miaka ya tisini.

#23 Gego la Nne
Rekebisha kidogo: ilianza katikati ya miaka ya 1980, kwenye mradi wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mholanzi Frencken alikuwepo, lakini kazi ilifanyika hapa kwa sababu ya vijiji visivyo na umeme. Miaka ya tisini ndipo ilipoenea nchi nyingine.

Na glasi-ayonoma nayo ina ganzi zake. Kijiko kimoja cha unga kwa tone moja la maji yake, au kama chupa inavyosema. Anayezidisha maji ili uji uwe laini anaacha asidi nyingi isiyopata unga wa kushikana nao, na dentini inalia. Chupa ikiinamishwa vibaya tone linatoka na povu, kipimo kinaharibika. Mwisho inapakwa vaselini, mtu asile saa nzima. Pia kwa gego kubwa lililokatika ubavuni inalika na kuvunjika mapema.

#24 Liwale Pori
Sawa, katikati ya miaka ya 1980 nimeichukua. Ila hoja ya kuikimbia inabaki.

#25 Chikongola Sokoni
Na zile za rangi ya fedha? Mbona za zamani hazikuwa na maneno haya?

#26 Mchinga Mbili
Zilikuwa nayo, watu walikuwa hawana pa kuandika. Amalgamu ni metali, inapitisha baridi upesi hadi kwenye kiini, ganzi ya wiki za kwanza ni kitu cha kawaida. Jino la juu likiwa na metali tofauti, zikigusana mtu anaweza kusikia kama umeme mdogo. Faida yake haihitaji gundi wala ukavu wa kupindukia. Inapunguzwa kwa sababu ya zebaki, tangu mkataba wa Minamata wa 2013. Jino lenyewe linaipenda tu.

#27 Dada wa Rahaleo
Turudi kwa anayeumia. Vitu vya kufanya nyumbani wakati anasubiri kurudi kwenye kiti:

Dawa ya mswaki kwa ajili ya meno yenye ganzi, asome pembeni ya boksi. Yenye potasiamu naitreti asilimia 5 inatuliza fahamu, lakini inataka wiki mbili hadi nne, mara mbili kwa siku, wengi wanaitupa siku ya nne. Yenye stanasi floraidi au ajinini inaziba vijitundu. Apige mswaki laini, ateme povu, asisukutue kwa maji, maana akisukutua ameimwaga dawa. Ukwaju, ndimu, embe bichi na mabibo yenyewe apunguze, na akila asikimbilie mswaki, asubiri hata nusu saa. Mkaa na majivu aviache.

Lakini jueni: dawa hiyo inafanya kazi kwenye dentini iliyo wazi, shingoni mwa jino. Upenyo ulio chini ya kizibo haiufikii.

#28 Mdau wa Duka la Dawa
Nakazia kuhusu vidonge. Wanakuja kila siku kuomba amoksilini na metronidazo kwa jino linalosisimka. Hazina kazi hapo, kiini kilichokasirika si usaha. Ibuprofeni mg 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, zisizidi tatu kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu au ujauzito asizinywe bila kuuliza, atumie paracetamol. Na anayekwenda kupimwa asubuhi asinywe usiku ule, vipimo vitadanganya.

Shavu likivimba, homa, mdomo kutofunguka, kumeza kwa shida: hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.

#29 Ndanda Njia Panda
Kitu kingine, mtoa mada. Mna uhakika ni jino hilo? Baridi ya friji inaogesha meno matano kwa mara moja, na fahamu za taya hazijui kuonyesha kwa kidole.

Tengeneza kijiti cha barafu. Chukua kifuniko cha plastiki cha sindano mpya, kijaze maji, weka friza kikisimama, kesho kishike kiganjani kidogo barafu itateleza nje kama penseli. Kausha meno kwa pamba. Anza na gego la nyuma kabisa uje mbele, kwa sababu barafu inayeyuka na maji yake yakitiririka yatalichokoza jino ambalo hujalifikia. Gusa shingo ya jino karibu na ufizi, usiguse kizibo. Anyooshe mkono akisikia, aushushe yakikata, wewe hesabu. Kisha pima gego kama hilo la upande wa pili, kushoto, lisilozibwa. Hilo ndilo la kulinganishia.

#30 Kitangari
Hii nimeipenda. Ila na karatasi ya wino jamani.

#31 Msangamkuu Feri
Wakuu, mrejesho. Barafu imefanya kazi, kifuniko cha kwanza kilipasuka, cha pili sawa. Mdogo wake ndiye aliyeshika, mimi nahesabu kwenye simu.

Gego la saba la kulia: alinyoosha, sekunde tatu, akashusha. La sita lililozibwa: alinyoosha papo hapo, sekunde saba. La tano: alinyoosha, sekunde tano, na hilo halijawahi kuguswa na mtu. La sita la kushoto: sekunde mbili.

Kwenye pamba ya nundu, mbili za upande wa ulimi zinauma akiachia. Za upande wa shavu kimya.

#32 Ndanda Njia Panda
Mbili za ulimi, za shavu kimya. Ufa.

#33 Mchinga Mbili
Au sakafu imebanduka upande huo, ambako ncha ya taa haifiki vizuri kwa gego la chini kwa kuwa ulimi uko njiani. Ufa ungependa nundu moja.

#34 Dada wa Rahaleo
Mimi nauliza la tano. Sekunde tano kwa jino lisiloguswa ni nyingi. Mtazameni shingoni, ufizi umeshuka? Anapiga mswaki kwa mkono gani, na kwa nguvu kiasi gani? Yawezekana nusu ya ganzi mnayoilaumu ni ya jirani.

#35 Gego la Nne
Sekunde saba na inakata. Kiini kizima bado. Kama kizibo kitafunguliwa, kisifunguliwe wiki hii. Kuchimba tena ni kukichokoza tena.

#36 Kitangari
Kusugua kimo si kuchimba. Jumatatu, bila sindano, akiwa ameketi wima.

#37 Msangamkuu Feri
Jumatatu anakwenda, karatasi kwanza halafu picha. Shingo ya la tano nimeitazama kwa tochi ya simu: kuna kibonde cha manjano, kucha ikipita inakwama. Mswaki wake ni ule mgumu, nyuzi zimelala kama zimepigwa na gari.

#38 Mzee wa Ndimu
Mnunulie mswaki shemeji. Na hicho kifuniko cha sindano kimoja kilichobaki, jaza juisi ya ubuyu.